Ukikwama Rudi Kwenye Chungu: Mwongozo Kamili wa Kuanza Atelier Ryza

Tangu Ramadhani iliyopita watu wanne wameniuliza swali moja, wawili wa Mjini Unguja na wawili wa Pemba. "Nimefika kwa joka, kila nikirudi nakufa. Nimepiga madubwana mpaka vidole vinauma na bado nakufa. Nifanyeje?" Wote waliingia kwenye Atelier, mfululizo wa gemu za Kijapani ambamo unapika vitu chunguni kwa alkemia, kwa sababu waliambiwa ni gemu ya kupumzisha moyo, na wote walikuwa karibu kuifuta.

Wa mwisho alikuwa mpwa wangu wa Wete. Alikuja na boti ya asubuhi, hata baibui hajavua akanipa Switch yake, ile mashine ya gemu ya mkononi. "Mjomba, hebu niangalizie." Nikafungua stoo yake ndani ya gemu. Viungo tele, mamia kwa mamia: majani, mawe, mbao, wadudu. Nikafungua vitu vyake vya vita. Kulikuwa na bomu moja lenye ubora wa 31, alilolipika mwanzo kabisa kwa kubonyeza kile kitufe ambacho gemu inakuchagulia viungo yenyewe. Amecheza saa 14, bomu ni lilelile.

Hilo ndilo kosa nililolikuta kwa wote wanne. Walikuwa wanapigana ili wapande levo, kama walivyozoea kwenye gemu nyingine. Katika Atelier levo ya mpiganaji inasaidia kidogo tu. Bosi, yaani dubwana kubwa kama lile joka, anauliwa na kile ulichokipika chunguni kabla hujatoka nyumbani. Mwongozo huu unakuchukua kutoka kununua gemu mpaka kumwangusha joka, hatua kwa hatua, na kila hatua nitasema kwa nini.

## Andaa hivi kwanza

Gemu yenyewe. Anza na Atelier Ryza: Ever Darkness & the Secret Hideout, iliyotoka 2019. Ipo ya kompyuta kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni, ipo ya Switch na ya PlayStation 4. Ina sehemu ya pili na ya tatu, zote za msichana yuleyule, Ryza, kwa hiyo usirukie ya tatu kwa kuwa picha zake zinameremeta zaidi. Utawakuta watu wanakumbushana mambo usiyoyajua.

Ninaitaja hii kwa sababu moja kubwa: hadithi yake haina kalenda ya kukukimbiza. Gemu nyingi za zamani za mfululizo huu zinakuhesabia siku. Atelier Rorona inakupa miaka 3 na kazi za kukabidhi kwa tarehe. Atelier Totori na Atelier Meruru nazo zina miaka yake. Atelier Firis inakupa mwaka mmoja kabla ya mtihani. Ni gemu nzuri, ila anayeanza hutumia nusu ya muda wake akihofia tarehe, na hofu hiyo humzuia kujaribu chungu. Ukiwa umeikosa Ryza, chukua Atelier Sophie ya 2015, nayo haina kikomo cha siku, au Atelier Marie iliyotengenezwa upya 2023, ambayo mwanzoni inakuruhusu kuchagua kucheza bila kikomo.

Kama wewe ni wa Switch na unaagiza kaseti kupitia ndugu aliye nje, kaseti ya nchi yoyote itaingia kwenye mashine yako. Angalia lugha tu. Kaseti iliyochapishwa kwa soko la Japani inaweza kukujia bila Kiingereza. Kiswahili hakimo kabisa, na sauti ni za Kijapani, kwa hiyo utasoma sana.

Kwa wa Steam, soma mahitaji ya kompyuta kwenye ukurasa wa gemu kabla ya kulipa, kisha ukishanunua ijaribu mara moja. Ukiona inakwama, unaweza kuomba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Na usiwe na haraka ya kununua kwa bei kamili, maana punguzo huja mara kadhaa kwa mwaka.

Bando la kushusha. Gemu ni nzito. Ishushe usiku, na ukishamaliza weka Steam katika hali ya kucheza bila intaneti. Hii ni gemu ya mtu mmoja, haikuhitaji uwe hewani.

Umeme. Ukicheza kwa kompyuta ya mezani, hakikisha tukuza, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ina uniti za kutosha, na sevu kila unapokaribia chungu. Mimi nilipoteza saa 2 za kupika kwa kukatikiwa umeme usiku mmoja wa masika, nimekaa gizani nikikumbuka kila jani nililolitia. Laptopu yenye betri nzima, au Switch na pawa benki, itakuokoa na hilo.

Daftari na kalamu. Hili watu hulipuuza na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Daftari la skuli la kawaida linatosha. Chora safu nne: jina la kiungo, kundi lake, elementi yake, na mahali nilipokiokota.

## Hatua ya 1: Weka mipangilio, halafu usiiwaze tena

Chagua ugumu wa kawaida, ule wa Normal. Unaweza kuubadilisha wakati wowote kwenye menyu, na kushusha kwa ajili ya bosi mmoja si aibu. Ila usianze na Easy. Ukianza na wepesi mno, madubwana yatakufa bila ya wewe kupika chochote, na siku ugumu utakapopanda utajikuta hujui kupika.

Punguza mwendo wa maandishi kama Kiingereza kinakupa taabu. Basi.

## Hatua ya 2: Jifunze maneno manane ya skrini

Kiingereza cha hadithi unaweza kukibahatisha. Maneno ya chunguni usiyabahatishe. Yaandike ukurasa wa kwanza wa daftari.

Quality ni ubora wa kitu, na namba yake hufika hadi 999. Category ni kundi: kiungo kimoja kinaweza kuwa mmea na pia kuwa dawa, yaani kinaingia kwenye resipi zote mbili. Element ni asili yake, na ziko nne: moto, barafu, radi na upepo. Material Loop ni yale maduara yanayotokea ukianza kupika. Effect ni kile kitu kitakachofanya kikishaiva. Trait ni sifa ambayo kiungo kinaweza kukirithisha kitu unachokipika. Recipe Morph ni mlango wa kutokea resipi mpya ndani ya resipi uliyonayo. Gem ni kito, na vito tutakutana navyo mbele.

Umefaulu hatua hii ukiweza kufungua kiungo chochote kwenye begi lako na kumweleza mtu aliyekaa pembeni yako kila kilichoandikwa hapo.

## Hatua ya 3: Okota kwa zana tofauti

Ryza ni mtoto wa wakulima wa kisiwa cha Kurken. Mtu wa kisiwani atamwelewa haraka: kila mtu anamjua, wazee wanamkataza kuvuka maji, na yeye na rafiki zake Lent na Tao wanaiba safari ya mashua kwenda ng'ambo. Huko ng'ambo ndiko anakokutana na Empel, anayemwonyesha alkemia, na mambo yanaanza.

Mwanzoni una fimbo tu. Kadiri hadithi inavyokwenda utapata resipi za mundu, shoka, nyundo, wavu wa wadudu na fimbo ya kuvulia, na zana hizo unazipika mwenyewe. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopitwa: mti uleule unatoa vitu tofauti kwa zana tofauti. Upige kwa fimbo upate kitu, uchanje kwa shoka upate kingine, uufyeke kwa mundu upate cha tatu.

Kwa hiyo, kila unapopata zana mpya rudi sehemu za mwanzo. Zunguka upya vichaka vyote vya karibu na nyumbani, ukijaza daftari. Mtu anayekimbilia mbele bila kurudi nyuma hulalamika baadaye kwamba kiungo fulani "hakipo", na kumbe alikipita mara hamsini.

Utakiona mapema kitu cha miiba kinachoitwa uni. Kwa Kijapani neno hilo ni jina la yule mnyama wa miiba anayetuchoma nyayo maji yakipwa, lakini hapa kinaanguka kutoka mtini. Okota kila ukikiona. Ni kiungo cha mabomu tangu gemu za zamani za mfululizo huu.

Onyo. Kikapu cha safari kina mwisho wake. Kikijaa rudi nyumbani; kurudi ni kufungua ramani na kuchagua mahali, hakuna gharama. Usianze kutupa vitu njiani ili uendelee mbele kidogo. Na usiuze viungo kwa mfanyabiashara ukidhani ni takataka. Hakuna takataka, utaona kwenye Hatua ya 7.

Mafanikio hapa ni daftari lenye viungo vipatavyo thelathini, na angalau vitano ambavyo umeandika mbele yake "mti uleule, zana nyingine".

## Hatua ya 4: Pika kwa mkono wako

Hii ndiyo hatua yenyewe. Zima simu.

Bibi yangu alikuwa akitwanga singo za maharusi pale Chake Chake. Asumini iliingia nyumbani jioni, haijafunguka, ikatandazwa kwenye ungo. Asubuhi bibi alikaa mkekani akaichambua ua moja moja, na lililopata doa la rangi ya chai aliliweka kando. Nilikuwa mdogo, nikamwambia ni ua moja tu hilo, bibi, katika ungo mzima. Akalifikicha kwenye kiganja changu akaniambia ninuse. Lilinuka majani yaliyovunda. "Hivyo ndivyo atakavyonuka bi harusi," akasema, na mkono ukarudi kwenye ungo. Baada ya hapo ndipo asumini ilipoingia kinuni na mlangilangi, mawaridi, mrehani, liwa na karafuu, kila kimoja kwa zamu yake na kipimo chake.

Chungu cha Ryza kinafuata sheria hiyohiyo. Ubora wa kinachotoka unavutwa na ubora wa ulivyotia. Sifa mbaya ya kiungo, na nzuri pia, inaweza kuhamia kwenye kitu. Na zamu ya kutia inaamua kitu kitakuwa nini.

Fanya hivi, na anza na bomu la mwanzo kwa kuwa utalihitaji:

4.1. Sevu. Kisha fungua chungu, chagua resipi ya bomu. Utaona duara la kwanza, na jingine au mawili yameunganishwa nalo kwa mistari, bado yamefungwa.

4.2. Usibonyeze Auto. Kitufe hicho kinajaza maduara bila kujua unataka nini. Kitakupa bomu, ndiyo, na ndilo lile bomu la 31 la mpwa wangu. Auto ni ya vitu vidogo unavyotaka kwa wingi, na hata hapo si kwa sasa.

4.3. Weka kishale kwenye duara la kwanza usome linataka nini. Duara linataja mambo mawili: kiungo au kundi linalokubali, na elementi inayohesabika. Kama duara ni la moto na kiungo chako ni cha barafu, kitaingia lakini hakitalijaza. Wengi hutia viungo vitatu hapo na kushangaa mbona duara limebaki tupu.

4.4. Tafuta kiungo chenye elementi hiyo kwa wingi zaidi. Hapa kuna siri. Idadi ya viungo unavyoruhusiwa kutia ina kikomo, na kikomo hicho kinapanda kwa levo yako ya alkemia. Kiungo chenye moto wa 3 kinafanya kazi ya vitatu vyenye moto wa 1, halafu kinakuachia nafasi mbili za kutumia duara linalofuata. Nafasi ni mali kuliko kiungo.

4.5. Duara la kwanza likijaa kiasi cha kutosha, athari yake inawaka na maduara ya jirani yanafunguka. Sasa simama. Soma kila duara lililofunguka kabla ya kutia chochote. Jingine linaongeza nguvu ya mlipuko, jingine linaongeza ubora, jingine linafungua nafasi ya sifa. Huwezi kuyajaza yote kwa sasa. Kwa bomu la kwanza jaza la nguvu, halafu kama nafasi imebaki, la ubora.

4.6. Kabla ya kukubali, rudi nyuma ujaribu tena. Gemu inakuruhusu kuondoa kiungo ulichotia na kutia kingine, na bado hujapoteza kitu. Nilikaa na mpwa wangu kwenye bomu moja zaidi ya nusu saa. Mara mbili alitaka kukubali, mara mbili nikamwambia soma tena, na mara ya tatu akaona mwenyewe kwamba jiwe moja alilolitia duara la mwanzo lingekaa vizuri zaidi kwenye duara la pembeni. Aliguna kwa nguvu, "Aaah!" Tangu hapo sikumfundisha tena chungu.

4.7. Kubali. Linganisha na bomu la zamani: nguvu, ubora, athari. Kisha pika jingine kwa njia nyingine ulinganishe.

Levo ya alkemia hupanda kwa kupika, kwa hiyo hata majaribio yasiyokupendeza hayapotei. Jiwekee sharti hili: kila ukirudi nyumbani na kikapu kimejaa, pika vitu vitatu kabla ya kutoka tena. Ukilifuata, hutakwama kwa joka kamwe.

Umefaulu ukiweza kupika bomu lililozidi lile la Auto kwa mbali, na ukaeleza ni kiungo gani kilicholeta tofauti.

## Hatua ya 5: Fungua resipi kwa resipi

Ukipika vya kutosha utaliona duara lenye alama tofauti, nalo linataka kiungo maalumu. Hilo ndilo la Recipe Morph. Ukilijaza, resipi unayoipika inageuka ikawa nyingine, na ile mpya inabaki yako daima.

Wanaoanza hulikwepa, wakiogopa kuharibu kazi waliyoifanya. Mimi naona hapa ndipo utamu wa gemu ulipo. Resipi nyingi nzuri hutazipata kwa kusubiri hadithi ikupe kitabu. Ziko ndani ya resipi unazozijua, zinakungoja uwe na kiungo sahihi.

Duara likikuonyesha kiungo usichonacho, andika jina lake kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kichwa chake "Natafuta". Safari zako za kuokota sasa zina shabaha. Ukikipata, rudi siku hiyohiyo.

Onyo. Resipi iliyogeuka inatoa kitu kipya badala ya kile cha zamani. Kama ulihitaji kile cha zamani kwa kazi ya mwanakijiji, pika viwili.

## Hatua ya 6: Rithisha sifa

Sifa ndizo zinazowatenga wanaocheza kwa raha na wanaocheza kwa taabu. Kitu kimoja kinaweza kubeba mpaka sifa 3, lakini lazima uwe umefungua nafasi zake kwa yale maduara niliyoyataja.

Usianze kwa kutafuta sifa adimu. Anza na mnyororo mfupi huu. Pika ingoti ya chuma, yaani kipande cha chuma cha kutengenezea vitu, kwa viungo vyenye sifa ya kuongeza nguvu ya kupiga. Ingoti ikishairithi sifa hiyo, itumie kupika silaha ya Ryza. Silaha nayo inarithi. Sifa imesafiri kutoka kwenye jiwe uliloliokota mpaka kwenye mkono wa mpiganaji, na njia ni ileile kwa kitambaa kinachokwenda kwenye nguo, na kwa dawa, na kwa bomu.

Kwa hiyo ukimwona mtu analalamika silaha yake ni dhaifu, muulize ingoti yake aliipika vipi. Mara nyingi aliipika kwa Auto.

## Hatua ya 7: Geuza ziada kuwa vito

Hatua hii ni fupi. Kadiri unavyoendelea, gemu itakufungulia uwezo wa kusaga vitu vya ziada vikawa vito. Vito unavitumia kwa mambo mawili: kuongeza viungo kwenye kitu ulichokwisha kukipika, na baadaye kurudufu kitu kizuri bila ya kukipika tena.

Ndiyo maana nilikukataza kuuza. Yale majani mia mbili ya mwanzo, ambayo huyataki tena, yanakwenda kuwa vito, na vito vinarudi kuwa bomu lako bora la pili na la tatu. Ila kabla ya kusaga, acha angalau kumi ya kila aina. Resipi ya mbele itakuja kuulizia jani la siku ya kwanza, haikosi.

## Hatua ya 8: Pigana bila papara

Vita vya Ryza havisimami unapofikiri. Ukifungua menyu ya vitu, muda unaendelea na dubwana linakuja. Kwa hiyo fikiri nyumbani: mpe kila mmoja vitu vyake kabla ya kutoka, na ujue nani kabeba dawa.

Unapigana na watu watatu. Wewe unamwongoza mmoja, wengine wanajiongoza. Kila pigo la kawaida linakuongezea AP, yaani pointi za kutendea. Hizo AP zina matumizi mawili yanayogombana: kuzitumia sasa kwa ufundi au kuchukua zamu ya haraka, au kuziweka mpaka upandishe levo ya mbinu, ambayo inafika 5 na inaanza upya kila vita. Kwa madubwana madogo tumia tu. Kwa bosi panda kwanza angalau mara mbili, maana mapigo yako yote ya baadaye yatakuwa na uzito zaidi.

Mwenzako akikuomba jambo katikati ya vita, kwa mfano utumie kitu au ufundi wa aina fulani, mtimizie. Atajibu kwa pigo kubwa la bure. Wengi hawasomi ule mstari mdogo unaopita, na wanapoteza mapigo mazuri kuliko yao wenyewe.

Jambo la mwisho la vita, na ndilo linalowapa watu uchoyo usio na maana: mabomu na dawa haziishi. Kitu ulichokiweka kwa mpiganaji kinatumia akiba ya namba iitwayo CC. CC ikiisha huwezi kutumia vitu, lakini ukirudi nyumbani inajaa upya na bomu lako liko palepale. Ukibanwa katikati ya safari unaweza kukitoa kitu kimoja mhanga ili CC irudi, na kitu hicho kitalala mpaka ufike nyumbani. Usiweke bomu zuri begani ukisema ni la siku ya shida. Litumie leo, kesho lipo.

Umefaulu madubwana ya kawaida yakianza kuondoka kwa bomu moja au mawili.

## Hatua ya 9: Nenda kwa joka

Kabla ya kwenda, kaa kitako uhakikishe:

- Silaha za wote watatu umezipika wewe, na ingoti zake zilikuwa na sifa.
- Nguo za wote watatu vivyo hivyo. Watu husahau nguo.
- Una dawa inayoponya kundi zima, si ya mtu mmoja tu, na iko kwa mtu ambaye humwongozi wewe au kwa wawili kwa pamoja.
- Una mabomu ya aina mbili zenye elementi tofauti. Moja likimgonga bila kumuumiza, unalo jingine.
- Umesevu.

Ingia. Dakika ya kwanza usishambulie kwa pupa: pandisha levo ya mbinu, angalia anapiga vipi, na dawa itumike mapema kabla maisha hayajashuka chini ya nusu. Ukishapanda, anza mabomu.

Ukifa, usirudi palepale. Jiulize nini kimekuua. Kama mlikufa wote kwa pigo moja, tatizo ni nguo. Kama mlidumu lakini maisha yake hayashuki, tatizo ni mabomu na silaha. Kama mlikufa mmoja mmoja taratibu, tatizo ni dawa. Kila jibu linakurudisha Hatua ya 4 kwa kitu kimoja mahususi, na utakuwa unajua hasa unakwenda kupika nini.

Mpwa wangu alikaa kwetu siku tatu. Siku mbili hakupigana na chochote zaidi ya vidudu vya njiani. Alipika, akaandika, akaenda kuokota, akarudi. Usiku wa tatu, baada ya isha, alimwingia joka na mabomu mawili, moja lina ubora wa zaidi ya 100, na nguo mpya za kila mtu. Hakufa hata mmoja. Alirudi Wete na daftari limejaa kurasa kumi na mbili, na juzi amenipigia kuniuliza kama aanze sehemu ya pili na levo zake zilezile. Hapana, levo zinaanza upya, na resipi kule zinafunguliwa kwa mti wa ujuzi, si kwa vitabu tu. Daftari nimemwambia asilitupe, maana majina mengi ya viungo atayakuta tena kule, na uni ya kwanza ataiokota akiwa anajua inakwenda wapi.